Dingle, Mji wa Pwani ya Ireland: Mgeni Akae Siku Ngapi?

Wazee wetu walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe akalime. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya mwenyeji aliyechoka, wala si kwa ajili ya msafiri. Hata hivyo tuliikumbuka mara nyingi tulipokuwa katika mji mdogo wa Dingle, ulioko kusini-magharibi ya Ireland, mahali ambapo nchi kavu ya Ulaya inakaribia kwisha na Bahari ya Atlantiki inaanza. Swali lililotushughulisha huko laweza kuonekana dogo: je, mtu akifika Dingle, akae siku ngapi? Lakini ndugu msomaji akiwa na subira ataona kwamba swali hilo limebeba jambo zito, na kwamba wako watu waliolijibu kwa machozi.

Tulikuwa maofisa wawili. Shughuli zilizotupeleka Dublin zilipokwisha, tulibakiwa na siku chache za mapumziko kabla ya kurejea nyumbani. Tulipanda gari moshi hadi Tralee, mwendo wa saa nne hivi, kisha tukaingia katika basi lililotambaa baina ya milima na ghuba kwa muda wa saa moja na zaidi. Mpango wetu ulikuwa umeandikwa katika daftari mithili ya amri ya kikosi: kufika alasiri, kulala usiku mmoja, kuizunguka rasi asubuhi, kuvuka kwenda kisiwani adhuhuri, na jioni kuondoka kwenda Killarney. Wasafiri wengi hufanya vivyo hivyo. Wengine hata hawalali, bali huja kwa basi asubuhi na kurudi jioni, wakiwa na picha nyingi na kumbukumbu chache.

Mama mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, aliusikiliza mpango wetu hadi mwisho. Kisha akatuuliza swali moja tu:

“Na bahari, mmeiuliza?”

Tulicheka. Kesho yake hatukucheka.

Hebu kwanza tuueleze mji wenyewe. Dingle ni mji wa watu wapatao elfu mbili, uliojengwa kando ya bandari iliyokingwa na vilima pande zote. Nyumba zake zimepakwa rangi za kila namna, nyekundu, buluu na manjano, kana kwamba wenyeji wameamua kushindana na mawingu. Wanaume wa hapo wamekuwa wavuvi kwa vizazi vingi. Madukani mwao tuliona jambo la kuchekesha: nyumba moja huuza misumari na nyundo upande huu, na upande wa pili huuza bia, hivyo kwamba mtu aliyetumwa kununua kitasa aweza kuchelewa sana kurudi nyumbani.

Jina la mji kwa Kiayalandi, lugha ya asili ya nchi hiyo, ni Daingean Uí Chúis, na neno “daingean” maana yake ni ngome. Eneo hilo ni mojawapo ya sehemu chache ambamo lugha hiyo bado yasemwa majumbani. Mwaka 2005 serikali iliamuru kwamba jina la Kiingereza lisitumike tena rasmi, na wenyeji, ambao huipenda lugha yao kuliko mtu yeyote, walilalamika kwamba wageni watapotea njia. Walipiga kura mwaka 2006, na mwaka 2011 sheria ikarekebishwa ili majina yote mawili yatumike. Sisi tutokao katika nchi za lugha nyingi tuna la kujifunza hapo: mtu aweza kuilinda lugha yake bila kumfungia mgeni mlango.

Umaarufu wa Dingle kwa watalii si wa kale sana. Filamu iitwayo Ryan’s Daughter, iliyopigwa katika rasi hiyo mwaka 1969 na kuonyeshwa mwaka 1970, ndiyo iliyowafunulia watu wa mbali uzuri wa pwani ile. Baadaye, tangu mwaka 1983 hadi mwaka 2020, pomboo mmoja aliyepewa jina la Fungie aliishi mdomoni mwa bandari na kuzifuata mashua kila siku. Alipotoweka, mji mzima uliomboleza. Mambo hayo yote, pamoja na matembezi ya jioni wakati wa kiangazi, ambapo mwanga hudumu hata baada ya saa nne za usiku, yatoshelezwa na siku moja. Laiti Dingle ingekuwa mji tu, makala yetu yangeishia hapa.

Siku ya pili tulikodi gari na kuifuata barabara izungukayo ncha ya rasi, iitwayo Slea Head, yenye urefu wa kilomita zipatazo 47. Dereva wa Afrika Mashariki hatapata taabu ya kubadili upande, kwani huko nako magari hupita kushoto. Taabu ni wembamba wa njia: upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili jabali literemkalo hadi baharini. Mama mwenye nyumba alituonya tuizunguke kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, kama yafanyavyo mabasi makubwa, tusije tukakutana nayo uso kwa uso katika kona. Tuliitii amri hiyo, na tunamshauri kila mtu aitii.

Tulifika gati ya Dunquin kabla ya adhuhuri. Jua lilikuwa likiwaka, na mbele yetu, ng’ambo ya mkondo wa kilomita kama 2 hivi, kilionekana kisiwa cha Great Blasket, kijani kibichi na kimya kabisa. Tulikuwa na hakika ya kuvuka. Mwenye mashua alitikisa kichwa. Alitueleza kwamba mbingu si bahari. Kisiwani hakuna bandari, abiria huteremshwa kwa kijimashua cha mpira penye miamba, na wimbi lililokuwa likitoka mbali lingeweza kumtupa mtu juu ya mawe.

“Labda kesho,” akasema.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Mwenzetu alishikilia kwamba amri ni amri: Killarney ilikuwa ikitungoja, chumba kilikwisha kuagizwa, na kisiwa kisicho na watu hakifai kuharibu ratiba. Tulikubaliana kwamba kwa kuwa tumekwisha fika, tuingie kwanza katika jumba la kumbukumbu za kisiwa hicho, lililofunguliwa mwaka 1993 pale pale Dunquin, kisha twende zetu.

Katika jumba hilo tulisoma habari ambazo hatutazisahau. Kisiwa cha Great Blasket hakikuwahi kufikisha watu 200, na maisha yao yalikuwa ya samaki, kondoo, viazi na kuni za udongo mweusi uchimbwao mlimani. Hata hivyo kijiji hicho kidogo kiliipatia Ireland waandishi ambao vitabu vyao husomwa hadi leo: Tomás Ó Criomhthain, aliyetoa kitabu cha maisha yake mwaka 1929, Muiris Ó Súilleabháin, mwaka 1933, na bibi Peig Sayers, aliyesimulia maisha yake yakaandikwa na kutolewa mwaka 1936. Wote watatu walisema na dunia kwa Kiayalandi.

Lakini vijana walikuwa wakihama, wengi kwenda Marekani, na mikono ya kuvuta makasia ikapungua. Mwanzoni mwa mwaka 1947 kijana mmoja aliugua kisiwani. Bahari ilichafuka, daktari hakuweza kuvuka, na kijana akafariki. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo wenyeji walimpelekea simu ya maandishi Waziri Mkuu Eamon de Valera, wakimweleza kwamba wamezingirwa na dhoruba wala hawana chakula. Kiongozi huyo alikwenda kuwaona, lakini miaka ilipita. Hatimaye, tarehe 17 Novemba 1953, watu 22 waliobakia walianza kuhamishiwa bara. Walipewa nyumba pale Dunquin, mahali ambapo kila asubuhi waliweza kuyaona mapaa ya nyumba walizoziacha yakibomoka.

Mwenzetu alisimama muda mrefu mbele ya maelezo hayo. Yeye ni mzaliwa wa kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria. Tulipomkaribia alisema kwa sauti ya chini:

“Kaka yangu alifia ufukoni, mashua ikingojea upepo utulie. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilimshikia taa.”

Hakusema zaidi, wala hakuitaja tena Killarney.

Tuliendelea na safari kimya kimya hadi ghuba ya Smerwick, kaskazini ya rasi. Hapo mwezi wa Novemba 1580 askari wapatao 600, wengi wao Waitalia na Wahispania, walijifungia katika ngome ndogo wakitegemea msaada kutoka baharini. Bahari iliwaletea merikebu za adui. Walipoweka silaha chini, jemadari wa Kiingereza, Lord Grey, aliamuru wauawe. Askari yeyote akisimama penye majani yale hujiuliza thamani ya neno la mshindi. Nasi tulikumbuka habari iliyo karibu na kwetu: mwezi wa Septemba 1961, huko Jadotville, mji ambao siku hizi waitwa Likasi katika Kongo, Waayalandi zaidi ya 150 wa jeshi la Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Meja Pat Quinlan, mtu wa wilaya hiyo hiyo ya Kerry, walizingirwa siku kadhaa. Msaada wao ulikwama kwenye daraja la mto Lufira. Walipoishiwa maji na risasi walijisalimisha. Lakini wote walirudi makwao wakiwa hai. Kungoja msaada usiofika ni mtihani wa askari, wa mvuvi na wa mgonjwa pia.

Jioni tulimwambia mama mwenye nyumba kwamba tunaomba usiku mwingine, na kama bahari itakataa, na mwingine tena. Hakushangaa. Alisema kwamba chumba chetu hakukiandikia mtu bado.

Katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba kamanda hupanga kwa kutazama ardhi, hali ya hewa na wakati, na kwamba asiyeweka akiba huwa amekwisha shindwa kabla ya risasi ya kwanza. Tulilijua somo hilo kwa moyo, tukalipatia alama nzuri, kisha tukaja Dingle bila akiba hata ya nusu siku. Ndiyo sababu jibu letu kwa msomaji ni hili: siku ya kwanza uwape mji na bandari; siku ya pili uipe barabara ya rasi, bila kuharakisha; na siku ya tatu usiipangie kazi yoyote, bali iwe akiba mkononi mwako, uitumie pale bahari itakapotoa ruhusa. Iwapo itatoa ruhusa mapema, hutakosa la kufanya, kwani mlima Brandon wenye urefu wa mita 952 uko karibu, na njia ya Conor Pass ipitayo juu ya milima yafaa kutazamwa siku ya mwanga. Aendaye mwezi wa Julai au Agosti aagize chumba mapema. Na aendaye wakati wa baridi asitegemee mashua, kwani safari za kisiwani ni za majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi.

Asubuhi ya siku ya tatu mwenye mashua alitupungia mkono kutoka mbali. Tulivuka. Kisiwani tulikuta kuta zisizo na mapaa, majani mafupi yaliyokatwa na meno ya kondoo, na sili wakubwa wamelala juu ya mchanga mweupe. Mwenzetu alitembea peke yake hadi nyumba ya mwisho, akakaa kizingitini, akiitazama bara. Ilionekana karibu sana, kana kwamba mtu angeweza kuita na kuitikiwa.

Tuliporudi tulimsimulia mama mwenye nyumba methali yetu ya mgeni na jembe, tukamwambia kwamba siku yetu ya tatu imetimia. Alicheka, akatoka nje, akarudi na jembe la kweli. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na matuta mawili ya viazi. Tuliyapalilia yote mawili kabla ya giza kuingia, na giza, kama tulivyokwisha sema, huchelewa sana huko.