Si Upepo wa Kusi Uletao Mafua: Funzo la Mwaka wa Korona

Sisi watu wa Mombasa tumezoea kuyalaumu majira. Kusi likivuma na masika yakinyesha, watoto wakaanza kukohoa, husema: ni upepo. Mwaka 2020 ulitupa sababu ya kufikiri upya. Kusi lilivuma na masika yakanyesha. Kilichobadilika ni mikusanyiko yetu.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi. Skuli na madrasa zikafungwa, misikiti nayo ikafunga milango, na tarawehe za mwaka 1441 Hijria tukazisali majumbani. Tarehe 6 Mei watu wakazuiwa kuingia wala kutoka Mji wa Kale, hadi mwezi wa Juni.

Katika kipindi hicho, maabara za nchi nyingi duniani ziliona virusi vya influenza, yaani homa kali ya mafua, vikipungua mno. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi waliogopa kwenda hospitali, wasihesabiwe. Lakini hata palipopimwa watu wengi, virusi hivyo vilikuwa adimu. Aina moja, B/Yamagata, haijathibitishwa popote tangu Machi 2020. Sababu ni hii: mgonjwa wa influenza kwa kawaida huambukiza mtu mmoja au wawili, ilhali wa korona ya awali aliambukiza wawili hadi watatu. Hatua zilizoipunguza kasi korona zilitosha kuikatia njia influenza.

Mikusanyiko iliporudi, mafua yalirudi nayo, yakawakuta watoto wachanga ambao miili yao haikuwahi kuyajua.

Hatutamani kufungiwa tena, wala kuziacha harusi na jamaa zetu. Lakini katika nyumba ambamo nyanya na kijukuu hulala chumba kimoja, mambo madogo yana uzito. Mtoto mwenye homa na apumzike nyumbani, asiende madrasa. Mama mwenye mafua avae barakoa anyonyeshapo. Madirisha yafunguliwe, mikono ioshwe kwa sabuni. Na tukipiga chafya tufunike uso, kama alivyofanya Mtume wetu (s.a.w.) kwa mkono au nguo yake.

Mtoto akihema mbio au akikataa ziwa, mjamzito au mzee akibanwa na pumzi, tusingojee upepo ugeuke. Tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.