Injini nzito kwenye stendi: hatari iko wapi?

Kuing'oa injini ya gari ni kazi ambayo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wameizoea. Kuitundika injini hiyo kwenye stendi ili ifanyiwe matengenezo ni kazi nyingine, na ina hesabu yake.

Anayekosea hesabu hiyo huweza kupoteza injini iliyogharimu mshahara wa miezi kadhaa, au mguu wake.

Katika mji wa Champlin, jimbo la Minnesota nchini Marekani, si ajabu kuikuta stendi ya injini katika gereji ya nyumbani. Mji huo wenye wakazi wapatao 24,000 uko kwenye ukingo wa mto Mississippi, kaskazini mwa Minneapolis, na ng'ambo ya mto huo uko mji wa Anoka.

Wahamiaji kutoka Afrika Mashariki nao wamefanya maskani katika vitongoji vya upande huo, na miongoni mwao wamo wanaopendelea kujitengenezea magari yao kuliko kulipia saa za fundi wa Kimarekani, ambazo ni ghali.

Wakati wa majira ya baridi, kipimo cha joto hushuka mara kwa mara chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Kazi ya nje haiwezekani, hivyo injini huingizwa ndani ya gereji na kusubiri juu ya stendi.

Stendi hufanya kazi vipi?

Stendi ya injini ni fremu ya chuma yenye magurudumu madogo na nguzo moja iliyosimama wima. Juu ya nguzo hiyo lipo bomba, na ndani ya bomba huingia kichwa kinachozunguka, chenye mikono minne inayoweza kusogezwa.

Mikono hiyo hufungwa kwa bolti nyuma ya injini, mahali ilipokuwa giaboksi. Injini nzima hubaki ikining'inia hewani kwa upande mmoja tu, mithili ya rafu iliyopigiliwa ukutani.

Faida yake ni kwamba fundi aweza kuigeuza injini juu chini na kuifikia kila sehemu bila kuinama. Hatari yake nayo inatokana na umbo hilohilo.

Chukua ndoo ya maji uikumbatie kifuani, kisha uinyooshe mbele kwa mkono. Ndoo haijaongezeka uzito, lakini bega linalalamika. Hiyo ndiyo kanuni ya wenzo: mzigo huelemea zaidi kadiri unavyokuwa mbali na mahali ulipoegemezwa.

Ikiwa kitovu cha uzito wa injini kiko sentimita 40 kutoka kwenye kichwa cha stendi, na fundi akaisogeza mbele kwa sentimita 10 kwa kutumia bolti ndefu na vipande vya bomba, mkazo kwenye shingo ya stendi huongezeka kwa robo nzima. Injini ni ileile na stendi ni ileile.

Kwa hiyo, swali la kwanza si kwamba injini ina uzito gani peke yake, bali pia uzito huo uko mbali kiasi gani na nguzo.

Kuchagua stendi

Injini ndogo za petroli zenye silinda nne mara nyingi huwa na uzito wa kati ya kilo 100 na 150. Injini ya Chevrolet ya V8 ya zamani, iliyotengenezwa kwa chuma kitupu, hufikia kilo 260 hivi. Injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9, iliyofungwa katika malori madogo ya Dodge kuanzia mwaka 1989, ina uzito unaokaribia nusu tani.

Stendi zinazouzwa Marekani huandikwa uwezo wake kwa pauni. Pauni 750 ni sawa na kilo 340, pauni 1,000 ni kilo 450, na pauni 2,000 ni kilo 900. Ni busara kuchagua stendi ambayo uwezo wake ni angalau mara moja na nusu ya uzito wa injini.

Stendi yenye gurudumu moja tu mbele hupinduka kirahisi upande injini inapogeuzwa. Yenye magurudumu manne yaliyotanuka ni salama zaidi.

Maandalizi

Kabla ya kuinua chochote, mwaga oili na maji yote. Kisha ondoa giaboksi, klachi na flaiwili. Kichwa cha stendi hukaa mahali palepale pa flaiwili, na injini ikishafungwa hakuna njia ya kuifikia tena.

Bolti zinastahili uangalifu wa pekee. Ni lazima meno yake yalingane na matundu ya injini. Bolti za milimita ziwe na alama ya 10.9 kichwani, na zile za inchi ziwe na mistari sita, ambayo ni alama ya daraja la nane.

Bolti iingie ndani ya chuma kwa kina cha mara moja na nusu ya unene wake, na mara mbili iwapo bloku ni ya alumini. Maana yake ni kwamba bolti ya milimita 12 inahitaji kuingia milimita 18 katika chuma, au 24 katika alumini.

Pima kina cha tundu kwa kipande cha waya kabla ya kufunga. Bolti ndefu mno hugota mwisho wa tundu na kuonekana imekaza, ilhali mkono wa stendi haujabanwa.

Kreni nayo ina wenzo wake

Kreni ndogo ya gereji inayoandikwa tani mbili hubeba tani mbili pale tu mkono wake unapokuwa mfupi. Ukiurefusha hadi mwisho, katika kreni nyingi za aina hiyo uwezo huo hushuka hadi nusu tani. Soma maandishi yaliyo kwenye mkono wenyewe.

Wakati injini ikining'inia kwenye kreni, karibu na sakafu, chomoa kichwa cha stendi na ukifunge kwanza nyuma ya injini. Panga mikono minne ili kitovu cha uzito kikabiliane na bomba la kuzungushia. Kwa injini nyingi mahali hapo ni juu kidogo ya krankshafti.

Bomba likiwa chini mno, injini huwa nzito upande wa juu, na siku utakapoifungua pini ya kuzuia mzunguko itajipindua yenyewe na kumpiga aliyeshika mpini.

Baada ya kukaza bolti zote nne, inua injini kiasi, sukuma stendi hadi kichwa kiingie ndani ya bomba hadi mwisho, kisha tia pini.

Hapa ndipo penye dakika ya hatari kuliko zote, yaani kukabidhi mzigo kutoka kreni hadi stendi. Shusha kreni kidogo kidogo. Simama, tazama shingo ya stendi, tazama magurudumu, kaza tena bolti. Mnyororo ulegee, lakini usiufungue hadi uwe umeitikisa injini kwa mkono na kuridhika kwamba haisogei.

Wakati wote huo mguu usiwe chini ya injini. Mwaka 2020 stendi zaidi ya milioni moja za kuegemezea magari zilitakiwa zirudishwe madukani nchini Marekani, baada ya kubainika kwamba meno yake yangeweza kuteleza. Zilikuwa zimeandikwa uwezo wake kama nyingine zote.

Sakafu yenye mteremko

Gereji nyingi za nyumbani katika maeneo ya theluji hujengwa zikiwa na mteremko mdogo kuelekea mlangoni, ili maji ya theluji inayoyeyuka chini ya gari yatoke nje. Mteremko huo hauonekani kwa macho, lakini stendi yenye kilo 300 huutambua. Weka vizuizi vya mbao kwenye magurudumu.

Usiisukume stendi iliyobeba injini kwa kuishika juu. Gurudumu dogo likikwama kwenye ufa wa sakafu au kokoto moja, chini husimama na juu huendelea na safari. Sukuma kutoka chini, polepole, au irudishe injini kwenye kreni na uihamishe ikiwa karibu na sakafu.

Na pasipo na stendi?

Katika karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam, Grogan jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala, injini nyingi hufunguliwa zikiwa juu ya tairi kuukuu, baada ya kuinuliwa kwa winchi ya mnyororo.

Tairi si jambo la kuonea aibu. Kwa kipimo cha wenzo, injini iliyokaa juu ya tairi kwenye ardhi tambarare ni salama kuliko ile iliyoning'inizwa kwenye stendi iliyochomelewa kwa bomba la maji. Anayeamua kujichomelea stendi atumie bomba nene, na aijaribu kwanza injini ikiwa bado imeshikwa na mnyororo, sentimita chache kutoka ardhini.

Kwa mkazi wa Champlin kuna tahadhari moja ya mwisho. Injini iliyong'olewa mwezi Novemba huenda ikasubiri vipuri, fedha au hali ya hewa hadi Aprili. Miezi yote hiyo isiachwe ikining'inia kwa upande mmoja. Weka gogo au jeki chini ya ncha yake ya mbele, kagua bolti kila wiki, na uwazuie watoto wasiingie gerejini kucheza.