Nasubiri Lilale

Hakuna kinachowaudhi wateja wa fundi umeme wa magari kama kumkuta amekaa. Boneti limefunguliwa, funguo ziko mfukoni mwake, naye yuko juu ya tairi kuukuu anakunywa chai ya tangawizi. Ukimuuliza anasubiri nini, anakujibu bila kugeuza shingo: "Nasubiri lilale."

Nililisikia jibu hilo kwenye gereji ya wazi pembeni mwa barabara ya Shekilango, Dar es Salaam, na halikunitoka kichwani. Gari lilikuwa Toyota dogo, mtumba wa Japani, la mama mmoja mfanyabiashara. Likilala nje siku mbili bila kuwashwa, haliamki mpaka libustiwe. Alikuwa ameshanunua betri mpya, na hiyo nayo ikaanza tabia ileile.

"Wengi wakiona betri imekufa wanakimbilia duka," alisema fundi. "Mimi nauliza kwanza, anayeila ni nani? Ukiweka betri mpya kwenye gari linalovuja moto, umemwongezea mwizi chakula."

Hatua za mwanzo anaziweza yeyote mwenye mita ya bei nafuu. Pima betri asubuhi kabla hujagusa funguo. Ikisoma volti 12.6 imeshiba, 12.2 iko kama nusu, chini ya 12 imekaribia kukauka. Kisha washa injini. Ikipanda hadi kati ya 13.8 na 14.5, alternata inachaji. Isipopanda, shughulika na alternata na mkanda wake. Lakini kama inachaji vizuri mchana na asubuhi imekufa, basi ama betri imechoka na haitunzi tena, au kuna kitu kinakunywa usiku.

Kumkamata huyo mnywaji ndiko kulikonifanya nisogee karibu.

Fundi alifungua mlango wa dereva na kutafuta kitufe kidogo cha mpira kwenye nguzo ya mlango, kile kinachowasha taa ya ndani. Akakibonyeza, akakibana kwa kipande cha boksi na utepe mweusi. Taa ikazima. Mlango umeachwa wazi, ila gari linaamini umefungwa. Magari ambayo kitufe chake kimo ndani ya kitasa, alisema, huyadanganya kwa bisibisi: anasukuma ulimi wa kitasa mpaka ulie. Akafunua kifuniko cha boksi la fyuzi chini ya usukani, kisha akarudi kwenye tairi lake.

"Ukizima injini, wewe unaondoka, vikompyuta bado viko macho," alieleza. "Vingine dakika kumi, vingine nusu saa, kuna magari yanapitiliza hapo. Ukipima mapema utamkamata asiye na kosa. Na ukifungua mlango katikati, yote yanaamka, unaanza upya."

Chai ilipoisha, aliinuka taratibu. Nilidhani ataanza kuchomoa fyuzi mojamoja. Hakuchomoa hata moja. Mgongoni mwa kila fyuzi ya plastiki kuna vitundu viwili vidogo, na ndani yake unaona chuma kinang'aa. Aliiweka mita kwenye milivolti, akagusa vitundu hivyo kwa ncha mbili za mita, moja huku na moja kule. Fyuzi isiyopitisha moto inasoma sifuri. Inayopitisha, hata kidogo, lazima ijitaje. Njia hii haikati umeme, kwa hiyo hakuna kinachoamshwa.

Sifuri. Sifuri. Sifuri. Kisha, kwenye fyuzi ya ampea 10 inayolisha taa ya ndani na kumbukumbu ya redio, mita ikasoma milivolti 3.

Namba hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kwa fyuzi ya aina ile ni karibu ampea 0.4. Kwa saa 24 zinaondoka ampea-saa zinazokaribia 10, na betri ya mama huyu ni ya 45. Siku mbili tu, karibu nusu imekwenda. Gari zima, saa yake na kumbukumbu zake, halitakiwi kuzidi miliampea 50 likiwa limelala.

Redio ilipochomolewa, siri ikawa nje. Aliyeifunga alisokota pamoja waya wa njano, unaobeba moto muda wote, na mwekundu, unaotakiwa kusubiri funguo. Fundi akazitenganisha, akapima tena. Mita ikatulia.

Kabla hajafunga kifuniko, akanionyesha fyuzi ya soketi ya kuchajia simu. Mchoro wa boksi la fyuzi unataka ampea 15, ambayo ni ya bluu. Iliyokuwemo ni ya kijani, ampea 30.

"Si ndiyo imara zaidi?" mama akauliza.

"Mama yangu, fyuzi imewekwa ife yenyewe kabla waya haujaungua. Hii ingekaa inatazama tu waya ukiwaka."

Aliyeiweka ni nani? Mama hajui, gari alilinunua likiwa limeshapita mikono mingine hapa mjini. Magari mangapi barabarani yana fyuzi za namna hiyo, au kipande cha waya mtupu mahali pa fyuzi? Kifuniko kile hufunuliwa tu kitu kinapogoma.

Ikafika saa ya malipo, ukazuka ubishi. Mama, kwa sauti ya heshima, alisema kazi yenyewe ilikuwa kutenganisha waya mbili, na muda mwingi fundi alikuwa amekaa. Wakakubaliana pungufu ya alichotaja.

"Betri wanailipia bila neno, kwa sababu wanaiona," fundi aliniambia akikunja nyaya za mita yake.

Sasa yule fundi mwingine, anayejua kwamba betri mpya italipiwa leo na kusubiri hakutalipiwa hata kesho, ana sababu gani ya kutomuuzia mteja betri?