Neno "Milele" Halitoshi

Mwandishi akitaka msomaji aone jambo lisilokoma, mkono wake hukimbilia maneno yaliyo tayari: milele, daima, daima dawamu. Ni maneno mazuri, yenye uzito wa ibada ndani yake. Lakini yametumika mno. Milele imo katika nyimbo za mapenzi, kadi za harusi na hotuba za kampeni, na msikilizaji huipita kama apitavyo mlango wa jirani. Abadani nayo, katika mazungumzo ya kila siku, kazi yake kubwa ni kutilia nguvu ukanushi: "sikubali abadani". Maneno haya humwarifu msomaji kwamba mwisho haupo, bila kumfanya autafute na kuukosa. Hisia hiyo, kwa maoni yangu, huzaliwa katika kitenzi, na zaidi katika neno ambalo mwandishi amelizuia lisitokee.

Ushahidi uko karibu, katika hadithi za kusimuliwa. Msimulizi hodari haelezi kwamba njia ilikuwa ndefu. Husema: akaenda, akaenda, akaenda. Kiambishi -ka- hulifunga tendo kwenye lililotangulia, na kila kikitamkwa sikio hungoja jingine lifuate. Kinachongojwa hasa ni neno dogo, hata, kwa maana ya mpaka: hata akafika mji fulani. Hata ndiyo pwani ya safari hiyo. Ikichelewa, njia hurefuka. Isipokuja kabisa, msikilizaji hubaki njiani pamoja na msafiri. Tena si kila urudiaji huleta matokeo haya. "Alitembeatembea" humwonyesha mtu asiye na haraka wala shabaha, ambaye huenda akawa nyumbani kabla ya magharibi. Kinachovuta muda ni kitenzi kamili, kilichorudiwa na viambishi vyake vyote, na pumzi katikati. Kiambishi hu- nacho kina nguvu ya aina yake, kwa kuwa hakibebi nafsi wala wakati. "Mto ulimwaga maji baharini" ni habari iliyopita. "Unamwaga" hutuonyesha mto wa sasa. "Mto humwaga maji baharini" haitaji ulianza lini, wala haimpi msomaji sababu ya kuuliza utaacha lini.

Wapo watakaosema ukanushi unatosha: bahari isiyo na mwisho, jangwa lisilo na kikomo. Tatizo ni kwamba huwezi kuukanusha mwisho bila kuutaja, na ukishatajwa msomaji ameshauona. Shaaban Robert alishika njia nyingine katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Nchi yake hakuinyima mipaka. Aliiweka hewani, akaipakanisha na pepo. Msomaji amepewa mpaka, lakini akinyoosha mkono kuushika hapati kitu. Uteuzi huo wa neno moja, upepo mahali pa mto au mlima, unafanya kazi kubwa kuliko sentensi nzima ya "isiyo na mwisho".

Pingamizi jingine ni kwamba kurudia kunachosha. Ni kweli, hasa kwenye karatasi, ambako sauti ya msimulizi haipo kuivuta silabi. Basi mwandishi abadilishe kitu kidogo pembeni ya kitenzi kilekile: akaenda, jua likampita utosini, akaenda, kivuli kikamtangulia, akaenda, kivuli nacho kikazimika. Siku imekwisha, mwendo haujakwisha. Pingamizi zito zaidi latoka katika ibada, ambako "milele na milele" bado huwatetemesha watu. Silikatai. Ila tazama kinachotokea pale: neno limerudiwa, na ile "na" imefungua upya kilichoonekana kufungwa, kisha maneno hayo yanatamkwa na jamaa ya waumini walioyarithi kwa wazazi wao. Ukurasa wa riwaya hauna jamaa hiyo nyuma yake. Lazima ujitegemee kwa sarufi yake wenyewe.

Wewe unayeandika, chukua aya yako yenye neno milele, ulifute, kisha uisome aya kwa sauti na kukisikiliza kitenzi kilichobaki. Ukikuta umeiweka hata mapema mno, iondoe, umwache msafiri wako aendelee kwenda.