Kwa Nini Doh Haikai na Wewe? Watafiti Walifuata Pesa ya Wakenya, na Jibu Si Ati Hauna Nidhamu

Mshahara uliingia tarehe 30. Leo ni tarehe 6, na ukiangalia salio la M-Pesa unaanza kushuku kuna msee mwingine ako na PIN yako. Kodi ya keja imelipwa, Fuliza imejikatia yake bila kubisha hodi, mathe wa ushago ametumiwa kitu, tokeni za stima, nauli ya kutoka Kayole hadi tao, na zile soo mbili mbili za "niokolee hapo, kesho nakurudishia". Imeisha. Alafu unaingia TikTok unapata jamaa wa suti anakuambia shida yako ni smokie pasua. Ati ukiacha smokie utaomoka.

Zii. Kwa zaidi ya miaka 20 watu wa uchumi wamekuwa wakifuata pesa ya Wakenya wa kawaida, kutoka Kibera hadi Busia, wakiandika nani anasevu, nani anakopa, na ni nini inawaangusha. Kile walipata ni tofauti kabisa na story za suti. Kaa hapo tuelewane.

Akaunti tuko nazo. Amani ndio hakuna

Anza na hii. Utafiti wa FinAccess wa 2024, ule unaofanywa na Benki Kuu, KNBS na FSD Kenya, ulipata kwamba asilimia 84.8 ya watu wazima Kenya wanatumia huduma rasmi za kifedha: benki, sacco, pesa ya simu na kadhalika. Hiyo ni namba kubwa sana. Lakini huo utafiti pia unapima kama mtu ako sawa kifedha, yaani anaweza kumaliza mwezi, anaweza kuhimili pigo kama ugonjwa ama kufutwa kazi, na ako na kitu anajenga ya kesho. Hapo ni asilimia 18.3 tu. Na mwaka wa 2016 ilikuwa asilimia 39.4.

Soma hiyo tena polepole. Huduma zimeongezeka, watu walio sawa wamepungua. Kwa hivyo mtu akikuambia shida ni ati hauna akaunti, ama haujadownload apu fulani, anakuuzia kitu.

Wasee wa mtaa wanasevu, tena sana

Kati ya 2012 na 2013, FSD Kenya na wenzao walifanya kitu inaitwa Financial Diaries. Walichukua karibu familia 300 za kipato cha chini, zingine hapa Nairobi, wakawa wanazirudia mara kwa mara kwa mwaka mzima wakiandika kila shilingi iliyoingia na kutoka. Ripoti ikaitwa Shilingi kwa Shilingi.

Walipata nini? Familia ya kawaida ilikuwa inatumia njia kama 14 tofauti za pesa. Kumi na nne! Chama, M-Pesa, deni la duka, kukopesha jirani, kukopa kwa ndugu, pesa chini ya godoro, yote pamoja. Yule mama mboga wa Mutindwa unayedhani hajui mambo ya fedha anaendesha kitu karibu na benki ndani ya leso.

Kwa hivyo swali si kama watu wanajua kusevu. Swali ni mbona ile pesa haikai mahali umeiweka.

Majaribio ya masanduku

Hapa ndipo kuna utamu. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walienda magharibi mwa Kenya wakafanya kazi na vyama 113 vya merigoraundi. Matokeo yalichapishwa 2013. Walitaka kujua ni nini inaweza kusaidia watu kuweka pesa ya afya, kama ya kununua neti ya mbu ama kulipa hospitali.

Vyama vingine vilipewa sanduku la chuma na kufuli, na mwanachama akapewa ufunguo wake. Vingine vikapewa sanduku kama hilo hilo, lakini ufunguo unabaki na mtu wa mradi, haufunguliwi mpaka ufikishe lengo lako. Ungebet gani itashinda? Wengi wetu tungesema ile ya kufungwa kabisa, juu tunajijua.

Ile ya ufunguo mkononi ndiyo ilifanya kazi. Sanduku tu, lisilo na riba wala apu, liliongeza pesa ya vitu vya afya kwa asilimia 66. Ile iliyofungwa kabisa haikusaidia sana kwa hivyo vitu. Sababu? Watu waliogopa kuingiza pesa mahali hawawezi kuifikia mtoto akishikwa na homa usiku. Kama maisha yako yanaweza kukupiga wakati wowote, huwezi kuzika pesa yote.

Sasa mbona sanduku unaloweza kufungua wakati wowote lisaidie? Juu pesa ikishaingia hapo inabadilika jina. Si pesa tena, ni "ya hospitali". Ukiombwa, unaweza kusema "sina" na usihisi umedanganya. Pesa iliyo mfukoni ama kwa M-Pesa haina jina, kwa hivyo kila shida inayopita ni yake.

Wale wawili walifanya mchezo mwingine hapo Bumala, Busia. Walifungulia wafanyabiashara wadogo akaunti isiyolipa riba yoyote, na kutoa pesa unakatwa. Yaani ni akaunti inakula pesa yako. Na bado wanawake wa soko wengi waliitumia, na wakaongeza pesa waliyokuwa wanaweka kwa biashara. Kwa wanaume wa bodaboda za baiskeli, hawakuona mabadiliko kama hayo. Fikiria vile mtu lazima awe anasumbuliwa ndio akubali kulipia mahali pa kuficha pesa yake mwenyewe.

Mbona mathe wako hawezi kosa chama

Hii inatuleta Nairobi. Mwaka wa 2002, Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walichapisha utafiti wa merigoraundi za Kibera. Waliona wengi wa wanachama ni wanawake, na hasa walio kwa ndoa na wanaishi na mabwana zao. Hesabu yao ikaonyesha kwamba chama ni ukuta. Mama anatoa pesa nyumbani kabla haijageuzwa kuwa matumizi ya mtu mwingine, alafu inarudi siku moja ikiwa kubwa ya kutosha kununua kitu cha maana.

Kwa hivyo ukiona mathe wa Dandora anakimbia na mvua kupeleka soo tano kwa chama, usicheke ati wanaenda kunywa chai. Anajua akikosa, majina yote 12 yatauliza. Hiyo aibu ndiyo kufuli yake. Apu yako haiwezi kukuuliza "uliambia watu utaleta, iko wapi?"

Lakini usifungie watu wako wote

Hapa watu wengi hukosea. Wakisikia story ya kuficha pesa, wanablock hadi ndugu zao. Tulia. William Jack na Tavneet Suri walifuatilia familia zinazotumia M-Pesa na zile hazitumii. Zile ambazo hazikuwa na M-Pesa zikipigwa na shida, kama ugonjwa ama kupoteza kazi, matumizi yao yalishuka kwa karibu asilimia 7. Zile za M-Pesa hazikushuka, juu watu wao waliwatumia kitu, na kutoka kwa watu wengi zaidi.

Hao wasumbufu kwa simu yako ni bima yako. Leo ni wao, kesho ni wewe pale Mama Lucy ukingoja deposit. Shida ni kutoa bila kipimo. Weka kiasi cha kusaidia watu kila mwezi, na ikiisha imeisha. Hiyo nayo ni sanduku.

Sasa hii mikopo ya simu

M-Shwari ilianza Novemba 2012. Ilipoanza, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukikopa thao moja unarudisha 1,075. Inaonekana kidogo, lakini ukirudia kila mwezi mwaka mzima umelipa 900 juu ya thao ile ile moja.

Je, ni mbaya basi? Suri, Prashant Bharadwaj na Jack waliangalia hiyo pia. Walilinganisha watu waliopata limiti ya M-Shwari kwa kuvuka alama kidogo tu na wale waliokosa kidogo tu. Waliopata, wakipigwa na pigo, uwezekano wao wa kuruka matumizi ya lazima ulipungua kwa pointi 6.3. Yaani mkopo uliziba pengo. Hakuna ushahidi hapo ati uliwatoa kwa umaskini. Ni mwavuli wa mvua.

Fuliza, iliyoingia Januari 2019, ni hivyo hivyo. Chukua Fuliza ya 800. Tangu bei zibadilishwe Oktoba 2022, unakatwa asilimia 1 ya kuingia, yaani shilingi 8, siku 3 za kwanza ni bure kwa kiasi hicho, alafu shilingi 6 kila siku, ushuru kando. Ukilipa kesho yake umelipa 8. Ukikaa nayo siku 30 umelipa 8 na 162, jumla 170. Pesa ni ile ile, mtu ni yule yule, tofauti ni siku. Na ukumbuke Fuliza haingoji umalize kupanga. Chochote kikiingia, inajichukulia kwanza, kwa hivyo mwezi unaanza ukiwa tayari umepungukiwa, na unafuliza tena.

Ni hiyo mzunguko iliyofanya Novemba 2022 Benki Kuu itangaze mpango wa kuwasaidia watu kama milioni 4.2 waliokuwa wamepelekwa CRB kwa mikopo ya simu, na benki zikaambiwa zipunguze hayo madeni kwa angalau nusu. Mwezi huo huo Hustler Fund ikazinduliwa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 ya kila mkopo inaenda moja kwa moja kwa akiba. Bei ni nafuu sana ukilinganisha. Lakini mkopo wa siku 14 bado ni wa kuziba pengo, si wa kujenga ghorofa Utawala.

Ufanye aje sasa?

Kwanza, hamisha pesa ya dharura itoke kwa M-Pesa unayotumia kila siku. Inaweza kuwa laini nyingine, akaunti ya akiba, hata sanduku la chuma kutoka Gikomba. Ipatie jina. Isiwe ngumu kufikia usiku wa ugonjwa, lakini isionekane ukilipia nduthi.

Pili, pesa ya lengo kubwa, kama shule ama stoki, iweke mahali kuna macho ya watu. Chama cha watu mnaojuana, kila kitu kinaandikwa, na anayepokea anapokea hapo hapo, doh isilale kwa mtu mmoja. Ukitaka sacco, hakikisha iko na leseni ya SASRA. Na kabla uweke sahihi kama mdhamini wa mbogi yako, jua akitoroka deni linakulia akiba yako.

Tatu, kabla ukope jiulize maswali mawili tu: hii ni pigo ama ni mpango? Na nitalipa siku gani, na pesa gani? Mtoto mgonjwa na mshahara unaingia Alhamisi, kopa. Sherehe ya Ijumaa na hujui doh inatoka wapi, hiyo si mkopo, ni mshahara wa mwezi ujao umeanza kuula sai. Na ukikopa kwa apu, angalia kama iko kwa orodha ya Benki Kuu. Tangu Machi 2022 sheria inawakataza kupigia watu wa kontakti zako simu kukuaibisha.

Nne, fanya hiyo kugawa siku pesa inaingia, dakika ile ile, kabla mtu yeyote ajue imeingia. Hata kama ni finje kwa siku ya yule wa kuuza mayai boilo hapo Pipeline. Watu wa yale masanduku hawakuwa na doh kukushinda. Walikuwa tu na mahali pa kuiweka kabla haijapata kazi nyingine.