Meru na Embu: Chakula bora kiko nyuma ya kituo cha matatu

WASAFIRI wengi wanaopitia Embu kwenda Meru hushuka garini na njaa, wakanunua kitu cha kwanza wanachokiona: chipsi, soseji na soda. Dakika kumi baadaye wamerudi vitini mwao. Hawajui kwamba hatua chache nyuma ya kituo kulikuwa na chakula bora zaidi, tena cha bei nafuu.

Ikiwa wewe ni mmoja wao, makala haya ni yako. Ikiwa una shinikizo la damu au ugonjwa wa kisukari, yasome mara mbili.

Usidhani jambo hili halikuhusu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu. Zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Huenda umewahi kusikia vyakula vya visiwa vya bahari ya Mediterania vikisifiwa. Sifa hizo zilienea baada ya mtaalamu wa Marekani, Ancel Keys, kuanza mwaka wa 1958 kuchunguza watu wa nchi saba, wakiwemo wa kisiwa cha Krete, Ugiriki. Wakulima wa Krete walikula maharagwe, mboga, matunda, nafaka na mafuta ya zeituni, na nyama kidogo tu. Maradhi ya moyo yaliwaua wachache sana.

Sasa ondoa mafuta ya zeituni katika orodha hiyo. Vinavyobaki vyote vipo Embu, Chuka na Meru, na wenyeji wamevila tangu zama za mababu.

Mlima mmoja, vyakula vingi

Siri iko katika mteremko wa Mlima Kenya. Huko juu, karibu na mashamba ya majani chai, kuna baridi na maji mengi. Nduma hustawi kando ya vijito. Ukishuka kidogo unakuta ndizi, mahindi, maharagwe, viazi vikuu, maparachichi na makadamia. Mitunguu, kwa mfano, inajulikana sana kwa ndizi zake.

Ukiteremka zaidi hadi Mbeere na Tharaka, jua ni kali na mvua ni haba. Huko wakulima hupanda mtama, mawele, ndengu, kunde na mbaazi, na msimu wa maembe ukifika, barabara ya Ishiara hujaa matunda.

Mazao haya yote hukutana sokoni. Kwa hivyo ukitaka kula vizuri katika sehemu hizi, usiulize hoteli kubwa iko wapi. Uliza soko liko wapi.

Mjini Meru, nenda soko la Gakoromone. Embu, elekea soko la mjini. Chuka, Nkubu, Runyenjes na Maua pia zina masoko yao. Kando ya kila soko utakuta vibanda na hoteli ndogo ambamo wachuuzi, makuli na makanga hula chakula cha mchana.

Hao ndio wakaguzi wako. Mtu anayebeba magunia tangu alfajiri hawezi kurudi kila siku mahali panapomwumiza tumbo. Palipo na wateja wengi, chakula kilichopikwa asubuhi huwa kimekwisha kufikia saa nane, na hakuna kiporo cha kukupa kesho. Fika kati ya saa sita na saa saba.

Uagize nini?

Asubuhi, agiza nduma au viazi vitamu vya kuchemsha badala ya mandazi. Mandazi ni unga mweupe, sukari na mafuta. Nduma hukaa tumboni muda mrefu na haina mafuta. Mwenye kisukari asile sahani nzima. Vipande viwili vinatosha.

Uji wa wimbi nao ni hazina, kwa sababu wimbi lina madini ya chokaa mengi kuliko mahindi au mchele. Hayo ndiyo madini yanayojenga mifupa na meno. Omba uji usiotiwa sukari, kisha utie mwenyewe kidogo ukipenda.

Mchana, usidharau githeri. Mahindi peke yake yana upungufu katika protini zake, na maharagwe hali kadhalika, lakini kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Bakuli moja la githeri lenye mboga za majani ni mlo kamili kwa mtu asiyeweza kununua nyama kila siku.

Mukimo pia ni mzuri, hasa ukipondwa kwa majani ya malenge. Njahi ni chakula ambacho akina mama waliojifungua wamekuwa wakilishwa tangu zamani, na hakuna sababu ya wengine kukikosa.

Kando, omba mnavu, au managu kama wengi wanavyouita, au terere au kunde. Ukimaliza, nunua ndizi mbivu au parachichi sokoni. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku.

Maswali matatu kwa mpishi

Usione haya kumwuliza mpishi. Kwanza, mwulize kama ametia magadi. Wapishi wengine huyatia katika githeri au kunde ili ziive haraka na kuokoa kuni. Magadi huharibu baadhi ya vitamini, na yana sodiamu ile ile iliyo katika chumvi, ambayo mwenye shinikizo la damu anaonywa ajihadhari nayo.

Pili, uliza kuhusu chumvi. Mtu mzima hapaswi kupitisha gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate, supu na mchuzi. Onja kabla ya kunyoosha mkono kuichukua chumvi ya mezani.

Tatu, mwombe akupakulie kabla hajakaanga. Githeri ya kuchemsha iko sufuriani tangu asubuhi. Mafuta mengi huongezwa mwishoni tu, wakati wa kuikaanga kwa vitunguu.

Jambo jingine ni chai. Chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga. Mama mjamzito na mtu mwenye upungufu wa damu wangoje saa moja baada ya kula ndipo wanywe.

Nyama, samaki na miraa

Mtu hawezi kwenda Meru akatoroka harufu ya nyama choma. Kula, lakini kwa kiasi. Robo kilo mkigawana wawili, pamoja na ugali na mboga, inatosha. Kata mafuta uyaache, na usichovye kila kipande katika chumvi.

Upande wa Mbeere kuna samaki wanaovuliwa katika mabwawa ya Mto Tana kama Kamburu na Kiambere. Wa kuchemsha ni bora kuliko wa kukaanga katika mafuta yaliyotumiwa siku tatu.

Ukifika Igembe, utaona miraa kila mahali. Anayeitafuna hupoteza hamu ya kula na kukosa usingizi, na moyo wake hupiga mbio. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu aiepuke kabisa.

Jihadhari na haya

Mahindi yaliyoota kuvu ni hatari. Mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini iliua watu 125 katika sehemu za mashariki na kati ya nchi, hasa Makueni na Kitui. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa. Ukinunua mahindi sokoni upeleke nyumbani, kataa yaliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo, hata ukipunguziwa bei.

Kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu huleta homa ya matumbo na kipindupindu. Kama huna hakika na maji, kula kilichopikwa kikiwa moto, na tunda unaloweza kulimenya mwenyewe. Nawa mikono kwa sabuni.

Mnamo Desemba 2021, shirika la UNESCO liliitambua Kenya kwa juhudi zake za kuhifadhi vyakula vya asili. Heshima hiyo ni kubwa, lakini haitawaokoa watoto wetu ikiwa sisi wenyewe tutaipita sufuria ya njahi tukikimbilia chipsi. Mama anayepika githeri ataendelea kuipika iwapo tu kuna mtu wa kuinunua.

Kwa hivyo, msomaji, gari likisimama Embu au Meru, mwulize kondakta litakaa muda gani. Kisha uliza njia ya kwenda sokoni.