Wavu wa Ngiri: Askari Ajue Alichowekewa Mwilini

Mchukuzi apakiaye magunia ya viazi katika malori pale Mahoko, wilayani Rubavu, na askari apandaye mlima na silaha na mzigo mgongoni, wote wawili wamo katika hatari ya ngiri. Penye udhaifu katika ukuta wa tumbo, hasa kinenani, utumbo hujipenyeza na kufanya uvimbe. Wako waufichao kwa haya, au kwa kuogopa kuondolewa kazini, hata utumbo ukabanwa na kukosa damu. Hapo maisha huwa ni ya kuhesabu saa.

Tiba yake ni upasuaji. Zamani mpasuaji alizivuta nyama za pande mbili na kuzishona, nazo zikafumuka mara kwa mara. Katika miaka ya 1980 Daktari Irving Lichtenstein wa Los Angeles alieneza njia ya kutandika wavu wa plastiki juu ya tundu pasipo kuvuta nyama, na ngiri zirudizo zikapungua sana. Mashariki ya Uganda wanaume 302 walifanyiwa jaribio lililotangazwa mwaka 2016: wengine waliwekewa wavu wa kiwandani wa dola zipatazo 125, wengine kitambaa cha chandarua kisicho na dawa, kilichotakaswa, cha dola moja hivi. Baada ya mwaka matokeo yalikaribiana mno. Basi wavu wenyewe si wa kuogopwa.

Hata hivyo ni kitu kigeni mwilini. Waweza kuingiwa na vijidudu, kukunjamana, kugandamana na utumbo, au kuacha maumivu yasiyokwisha. Na wavu mwingine umeundwa vibaya tangu kiwandani. Desemba 2005 kampuni ya Davol, tawi la Bard la Marekani, ilianza kurudisha wavu wake uitwao Kugel, kwa kuwa pete yake iliweza kukatika na kutoboa utumbo. Mwaka 2011 Bard ilikubali kulipa dola milioni 184 kumaliza madai ya wagonjwa. Oktoba 2024 kampuni ya Becton Dickinson, mmiliki wa Bard, ilitangaza mapatano juu ya sehemu kubwa ya kesi zipatazo 38,000.

Si kila mdai alishinda. Huko Columbus, Ohio, mdai wa kwanza alishindwa mwaka 2021. Wa pili alipewa dola 255,000 mwaka 2022. Lakini mdai hana budi kuonyesha kwanza ni wavu gani aliowekewa. Jina lake, kiwanda na namba ya toleo huandikwa katika kibandiko cha pakiti, nacho hubandikwa katika faili la mgonjwa.

Hapo ndipo askari hupungukiwa. Yeye huhamishwa, faili lake hubaki hospitalini. Bima ya MMI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, hulipia matibabu, lakini kulipiwa matibabu si kufidiwa madhara. Rwanda ilipitisha Sheria Na. 49/2012 juu ya bima ya dhamana ya waganga. Hata hivyo kosa la mganga ni jambo moja, ubovu wa kiwanda ni jingine, na yako madhara yatokeayo pasipo kosa la mtu yeyote. Pasipo karatasi, ni nani atakayeyapambanua?

Kwa hiyo, ndugu askari, kabla ya kutoka wodini omba nakala ya taarifa ya upasuaji pamoja na namba za kibandiko hicho, uzihifadhi pamoja na hati zako za kazi. Ukipata homa, usaha katika kovu, au kutapika pamoja na tumbo kujaa, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni zamu yako ya lindo.